Mzigo wa Kurudi

Kijijini, nje kidogo ya Kibondo
17 Februari 2025

Mama Firdausi, mugenzi wangu,

Amahoro, amani kwako mwenzangu. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto unaniuma ikinyesha, na huku inanyesha kila siku, kwa hiyo unaniuma kila siku.

Viza imetoka. Mwalimu Nduwayezu amenisomea kwenye simu yake mara tatu, maana mara mbili za kwanza sikumwamini. Tarehe 22 Aprili napanda ndege Kigoma kwenda Dar, halafu Uarabuni, halafu Uskoti kwa Aline. Tarehe 20 Julai narudi, imeandikwa hivyo kwenye tiketi. Mtoto anategemewa mwanzoni mwa Mei, na unajua kwetu binti akizaa mara ya kwanza ni mama yake anayemkanda kwa maji ya moto na kumkorogea uji. Aline ana mwaka wa nne kule anatunza wazee wa watu, lakini wa kumtunza yeye hakuna. Mumewe ni mtu mwema, tatizo anasema uji atanunua wa kopo.

Sasa shida ni hali ya hewa. Aline alinieleza Jumapili nikadhani ananitania. Anasema asubuhi unatoka kuna jua, ukifika dukani inanyesha, ukitoka dukani kuna upepo wa kung'oa mabati, ukikaribia nyumbani inadondoka mvua ya mawe, na ukifungua mlango jua limerudi linakuangalia kana kwamba halikwenda popote. Hiyo ni siku moja. Anataka nivae nguo juu ya nguo, nyepesi ndani na nzito nje, ili niwe navua na kuvaa njiani. Mwanamke wa miaka sitini nivue nguo njiani.

Mwenye mitumba ni wewe. Nitafutie sweta mbili, kitu cha kuzuia mvua, soksi nzito, na koti kubwa la baridi ya kweli. Vipimo vyangu unavyo tangu tulipokuwa tunakaa meza moja sokoni Kibondo, mimi na maharage yangu, wewe na cherehani yako, kabla mumeo Shamsi hajakuhamishia Kasulu. Sijanenepa, nimekaa vizuri tu. Vitu umpe Haidari wa basi na barua uiweke mfukoni. Usinipigie simu. Huku mtandao mpaka nipande kilimani shuleni, na nikifika juu sina pumzi ya kuongea.

Wako,
Esteri


Kasulu
21 Februari 2025

Mama Aline, shoga yangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa mume wangu na kwa Firdausi, ambaye ameshaanza kuwaambia watu kwamba shangazi yake anahamia Ulaya. Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, wateja wakasubiri. Mmoja akaniuliza kama utampelekea salamu mjomba wake aliye Kanada. Nimemwambia utapita.

Umesema hujanenepa. Sawa. Nitaongeza inchi mbili kwa ajili ya hilo umbo lililokaa vizuri.

Nakutumia sweta mbili, moja ya bluu na moja ya rangi ya ugoro, na koti la mvua la manjano. La manjano usilikatae. Aline asipokuona uwanjani ukiwa umelivaa, basi yeye ndiye wa kupelekwa hospitali. Soksi ni jozi nne, zote nimezivuta na kuzinusa mwenyewe. Unanijua, sinunui belo la mitumba bila kuingiza mkono mpaka kwapani. Wenzangu wanatazama nguo za juu, na juu kila belo ni zuri.

Kitu kimoja kimenichekesha. Nguo hizi zimetoka huko huko kwenye baridi. Zimesafiri mpaka Kasulu, sasa wewe unazirudisha kwao. Ukimwona mama mmoja barabarani anaitazama sana hiyo sweta ya bluu, usisimame, wewe tembea.

Koti kubwa vuta subira. Alhamisi nafungua belo la makoti lililotoka Kigoma, nitakuchagulia kabla ya wateja wangu wa Heru Juu, ambao kwa baridi yao hugombania makoti kama mahindi ya msaada. Niambie ndege inaruhusu kilo ngapi na unapanga kubeba nini. Nakuuliza kwa sababu nakujua.

Shoga yako,
Mwanaamina


Kibondo
3 Machi 2025

Mama Firdausi,

Vitu vimefika, Mungu akubariki. Haidari ameshuka kwenye basi amevaa sweta ya rangi ya ugoro. Mtu mzima mwenye mvi vile. Anasema alfajiri pale Makere kulikuwa na baridi, akaona si vibaya kuijaribu kwa niaba yangu. Imefika ina joto.

Ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu kwenye sanduku. Nilikwenda kupima kwa Dadi, yule anayenunua mahindi, kwenye mizani yake. Niliweka unga wa mtama wa uji, maharage, karanga, dagaa, asali, mawese lita tatu na vitenge vya kumbebea mtoto. Ikasoma ishirini na moja kabla sijaweka hata kanga moja ya kwangu. Dadi akauliza kama nakwenda kufungua duka. Nikamwambia nakwenda kuona mzazi, na mzazi haendewi mikono mitupu, hata kama anakaa juu mbinguni.

Nimeanza kuipanga nyumba. Mbuzi nimempa jirani yangu Ndayikeza. Shamba la bondeni nimemwambia shemeji Tharsisi alichukue. Na wewe Haidari anakuletea sufuria langu kubwa la masikio mawili. Ramadhani imeingia, unafuturisha watu wengi, litakufaa. Lisugue kwa majivu, usilisugue kwa waya.

Koti vipi?

Esteri


Kasulu
9 Machi 2025

Mama Aline,

Sufuria limefika na tayari limepika uji wa futari wa nyumba tatu. Ahsante. Lakini sikufichi, nilipolipokea nililitazama muda mrefu. Hili ndilo sufuria uliloninyima nilipomwoza mwanangu Omary. Uliniambia halijawahi kulala nje ya nyumba yako na halitalala. Leo umelipandisha basi na Haidari. Mtu akibadilika ghafla hivi, huwa ana homa au ana jambo.

Mawese toa. Niliwahi kusafiri nayo kwenda Dar, nikafika kanzu ya Shamsi imekuwa nyekundu, mpaka leo anaivalia shambani. Asali ifunge vizuri kwenye mifuko miwili. Dagaa shauri yako, ila mtu wa forodha akifungua lile sanduku, hatakuwa na haja ya kukuuliza umebeba nini.

Belo la makoti nililifungua. Makoti ya kiume matupu, mikono imechakaa, na pazia moja. Usiwe na wasiwasi, bado kuna muda, natafuta kwingine.

Na hilo shamba la bondeni, Tharsisi analilima kwa miezi mitatu, au vipi?

Mwanaamina


Kibondo
17 Machi 2025

Mama Firdausi,

Mawese nimeyatoa na dagaa nimepunguza. Mizani ya Dadi sasa inasoma kumi na saba, na Dadi anadai nimeanza kuwa msafiri.

Aline alipiga Jumapili. Chumba changu wamekipaka rangi ya kijani na kitanda wameshanunua. Anasema nisiwaze, nafasi ipo ya kutosha kabisa. Nilifurahi sana kusikia kuna ukuta duniani umepakwa rangi kwa ajili yangu.

Kwenye mfuko wa kaki kuna mbegu zangu za maharage, aina zote saba, kila moja na kitambaa chake. Zile za madoa mekundu ndizo alizokuja nazo mama. Zigawe kwa watu wako wa Heru Juu, udongo wao ni kama wetu. Joho langu la kwaya nimempa Niyomwungere, ambaye kwa miaka minne amekuwa akilitazama kuliko anavyomtazama mwalimu wa kwaya. Nyumba sasa ina mwangwi, nikikohoa najijibu.

Zimebaki wiki tano. Nilijaribu kuvaa sweta zote mbili pamoja na koti la mvua juu, nikafanana na mtu aliyeiba. Koti kubwa linahitajika kweli.

Esteri


Kasulu
20 Machi 2025

Esteri,

Mbegu nimezipokea. Sijazifungua.

Nimefanya biashara miaka thelathini na miwili. Nimeona watu wakisafiri kwenda kuhiji, kwenda Tunduma, kwenda kutibiwa Mwanza. Mtu anayekwenda miezi mitatu hagawi mbuzi. Hagawi joho la kwaya kwa mwanamke asiyempenda. Na mbegu zile, siku paa lako liliposhika moto ulitoka mbio umezikumbatia, ukaacha godoro liungue. Nilikuwepo, nilikumwagia maji mimi mwenyewe.

Basi nakuuliza, na nakuomba usinizunguke. Hiyo tiketi ya kurudi ni ya kweli, au ni ya kunituliza? Kama Aline amekuomba ukae kule moja kwa moja, ni mwanao, ana haki, na ukuta ameshaupaka rangi. Lakini niambie kwa mdomo wako. Usiniage kwa masufuria.

Na mimi niseme langu. Koti lipo. Lilikuwepo tangu Alhamisi ile, katikati kabisa ya belo, la sufu ya kijivu, bitana nzima na vifungo vyote. Nilikuwa nalipiga pasi nilitume, ndipo Haidari akaniletea sufuria. Nikalirudisha nyuma ya mlango wa chumbani, na bado liko pale. Nilikuandikia uongo mwezi mtukufu, tena nikiwa nimefunga. Nilijiambia bila koti hutaondoka. Ni akili ya mtoto, na mimi nina miaka hamsini na minane, lakini ndiyo niliyokuwa nayo siku ile.

Sikupi koti mpaka uniambie kweli.

Mwanaamina


Kibondo
25 Machi 2025

Mama Firdausi,

Barua yako nimeisoma nikakasirika, nikaikunja, nikaenda kupalilia. Nilipofika mstari wa tatu hasira ikaisha, nikakaa chini juu ya tuta kama mgonjwa.

Tiketi ni ya kweli. Aline hajaniomba nikae, na angeniomba ningekataa, maana nani atakayekaa miaka mahali ambapo nguo hazikauki. Narudi tarehe 20 Julai. Nilidhani unajua, ndiyo maana sikusema.

Sasa ngoja nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukueleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijakiona. Nilikuwa na miaka saba tulipovuka kutoka Burundi, mwaka sabini na mbili. Siku ya kuondoka mama alizunguka kwa majirani waliokuwa wanabaki. Kuku akampa huyu, jembe akampa yule, mikeka akampa shangazi. Alisema ukigawa, angalau unajua kitu chako kiko kwa nani. Mbegu tu ndizo alizozifunga kiunoni. Hatukurudi. Baadaye tukahama kijiji, tukahamishwa tena, na kila mara tuligawa, na kila mara hatukurudi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusafiri. Ilipokuja tiketi, mikono yangu ilianza yenyewe, na safari hii ikatoa hata mbegu. Sikuwa nakuaga. Nilikuwa nafunga mzigo.

Mimi sijawahi kufunga mzigo wa kurudi. Nina miaka sitini, nina cheti cha uraia kwenye fremu ukutani, nina mjukuu njiani, na hicho kitu sikijui. Wewe unakwenda Kigoma unarudi, unakwenda Dar unarudi, na sijawahi kukuona ukigawa hata kijiko. Huwa unafanyaje?

Na nimalizie lililo chini ya yote. Naogopa. Ndege siiogopi, na baridi nitaivalia. Naogopa kwamba nikivuka tu, huku patajifunga nyuma yangu kama kule kwetu kulivyojifunga, niwe tena mtu wa kuulizwa kwenu wapi na kukosa la kujibu. Hili nimemwambia Mungu. Wewe nilikuonea haya.

Koti kaa nalo kama moyo wako unatulia. Ila baridi ikiniua, utakwenda wewe kumkorogea Aline uji.

Esteri


Kasulu
1 Aprili 2025, siku ya pili ya Idi

Mama Aline, shoga yangu wa pekee,

Barua yako ilifika siku ya mwisho ya mfungo. Nililia mpaka Shamsi akauliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, ni mimi tu nimekuwa mpumbavu. Akasema hilo si jambo jipya la kulilia, akaenda kuoga.

Nisamehe. Kwa koti, na zaidi kwa namna nilivyokuandikia. Tumekaa meza moja miaka kumi na moja, nikajiona najua kila kitu chako mpaka inchi za kiuno, kumbe hilo kubwa nilikuwa silijui.

Koti linakuja. Haidari ameapa hatalivaa, na kwa kuwa namjua nimeishona mikono yake kwa uzi, ukilipata ufumue. Sufuria nalo linarudi, ndani yake kuna tambi na kaimati za Idi. Mbegu zako zote saba zimo. Heru Juu wana mbegu zao.

Umeniuliza huwa nafanyaje. Sikuwahi kujua kwamba ni kitu cha kufundisha. Ni kama kuulizwa huwa unamezaje mate. Ikabidi nikae nijitazame. Nimeona kwamba nikisafiri huwa naacha kazi katikati. Kitambaa cha mteja kimekatwa hakijashonwa, na roho inaniuma njia nzima. Kwa hiyo wewe panda kitu kitakachokuwa tayari Julai. Agiza kitu kwa fundi anayechelewa. Ufunguo usimpe mtu mwema, maana mwema atakaa nao hata miaka mitano bila kulalamika. Mpe msumbufu, ambaye kila akiuona ataanza kuuliza Esteri anarudi lini. Nafikiri kwaya yenu haikosi mtu wa namna hiyo.

Na kuna lingine, Shamsi asije akaliona. Siku moja kabla ya safari huwa naanzisha naye ugomvi mdogo, nauacha pale ulipofika patamu. Nikiwa Dar majibu mazuri yananijia yenyewe, na hakuna namna ila kurudi nyumbani kuyasema. Ndoa yetu imedumu hivyo.

Unga na maharage beba tu. Vitaliwa kule, na mahali vilipokaa ndipo utakapoweka vyangu wakati wa kurudi. Nitakuandikia ninavyovitaka.

Kuhusu kujifunga nyuma yako, lala usingizi. Huku hapajifungi. Mimi nipo, na mimi nina mdomo.

Mwanaamina


Kibondo
14 Aprili 2025

Mama Firdausi,

Koti limefika na uzi wake. Haidari hakulivaa, alijitanda mabegani, anasema hiyo haimo kwenye kiapo. Limenikaa sawasawa. Zile inchi mbili ulipatia, na sitaki neno lolote juu ya hilo.

Nimefanya ulivyosema, na nakwambia kugawa ni rahisi kuliko kurudishiwa. Kwa Ndayikeza nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kubisha hodi. Mbuzi alikuwa ameshapewa jina, jina la mama mkwe wake, maana anasema wote wawili hawashibi. Nilipomweleza alicheka, akasema alikuwa akijiuliza kwa nini nampa mbuzi na huku nasafiri kama mwalimu anayekwenda likizo. Atanitunzia, na mbuzi akizaa tutagawana nitakaporudi. Tharsisi alikuwa ameshalima nusu ya shamba la bondeni. Nusu nyingine nimepanda viazi vitamu mwenyewe, yeye amepanda vyake, na Julai tutajua ni nani kati yetu anayejua kilimo. Fundi nimemwagiza mlango wa jiko. Ameniambia wiki mbili, kwa hiyo utakuwa tayari mwezi wa nane.

Ufunguo nimempa Niyomwungere. Joho la kwaya alikataa kurudisha, akasema nililitoa kwa hiari mbele ya mashahidi. Hivyo hata ugomvi sikuutafuta. Nilimjibu neno moja, nikaondoka wakati yeye anavuta pumzi ya kunijibu. Mwanaamina, usiku ule ule nilipata la kumwambia, zuri sana, na nimelifunga nakwenda nalo Uskoti.

Mizani ya Dadi imesoma ishirini na mbili na nusu. Alinitaka nipande na mimi, nikakataa.

Woga bado upo, sitakudanganya. Lakini jana nilipofagia niliona nyumba imejaa kazi ambazo hazijakwisha, na kwa mara ya kwanza ilifanana na nyumba ya mtu anayetoka kwenda sokoni. Basi letu litapita Kasulu tarehe 21, saa tano asubuhi. Njoo stendi.

Esteri


Glasgow, Uskoti
11 Mei 2025

Mama Firdausi, mugenzi wangu,

Barua hii Aline ataipiga picha aitume kwenye simu ya Firdausi, kwa hiyo usiulize bahasha iko wapi.

Mtoto amezaliwa tarehe 6, msichana, kilo tatu na nusu, na sauti ya kusikika mpaka Kibondo. Aline mzima. Namkanda asubuhi na jioni, na uji wa mtama anamaliza kikombe. Mkwe wangu aliuonja kwa adabu siku ya kwanza. Sasa anautaka kila asubuhi kabla ya mzazi, na lile kopo lake limesogezwa nyuma ya kabati.

Hali ya hewa ni kama Aline alivyosema, ila alipunguza nisiogope. Jana nilianika nguo za mtoto mara nne nikazianua mara tano. Mara ya tano zilikuwa za jirani. Alitoka nje kunishukuru, tukasimama yeye akisema lake na mimi langu, tukitazama juu. Hapa watu hawaulizani habari za nyumbani, wanaulizana habari za mawingu, na hilo ninaliweza.

Nakumbuka pale stendi Kasulu. Basi lilisimama dakika nne, na tatu ulizitumia kumgombeza Haidari kwa namna alivyofunga sanduku langu. Kuna jambo nilitaka kukwambia na sikulijua lilikuwa nini mpaka nilipofika huku.

Uwanja wa ndege wa Edinburgh kuna foleni ya kuingia nchini. Unasimama mbele ya afisa wa uhamiaji, ana dirisha lake na muhuri wake. Alikuwa mwanamume mwenye miwani, hana ubaya wowote. Lakini nilipomkaribia nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa tena na miaka saba. Kiingereza alichonifundisha Nduwayezu kilipotea chote, hata salamu. Afisa akaona, akapiga simu mahali, ikatoka sauti ya mama mmoja anayeongea Kiswahili cha pwani, akawa anatufasiria.

Aliuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kumkanda binti yangu. Sijui yule mama wa simu alilifasiri vipi, maana afisa aliitazama mikono yangu kwa muda. Kisha akauliza nitarudi lini.

Mwanaamina, kila mpaka na kila ofisi niliyosimama maisha yangu yote, nimeulizwa natoka wapi na kwa nini nimekuja. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nitarudi lini. Nilitaja tarehe ishirini Julai kwa sauti kubwa mpaka afisa wa dirisha la pili akageuka. Nikaachia ukingo wa meza.

Akauliza tena, kuna nini kule cha kunirudisha. Nilikuwa nimejiandaa na orodha nzima, nilikuwa nimeikariri tangu Dar. Nikafungua mdomo, likatoka jina lako. Yule mama wa simu akauliza Mwanaamina ni nani wangu, ni dada, ni wifi, maana afisa anataka kujua. Nikafikiri. Dada siyo, hatukuzaliwa pamoja wala hatusali pamoja. Rafiki ni neno ambalo hata wateja wa maharage nawaita.

Nikasema, "Mwambie ni kwetu."

Yule mama wa simu akalirudia neno lile, kwetu. Halafu yule mama akamwambia afisa kwa Kiingereza, maneno machache tu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Afisa akanitazama, akagonga muhuri, akanirudishia pasi yangu.

Nikapita. Nje kulikuwa na jua, na tulipofika kwenye gari la mkwe ilikuwa inanyesha.

Wako,
Esteri